Cheti cha Nani? Barua za Nani?

Kila ukikaribia mwisho wa mwaka wa masomo, wanafunzi wanaotaka kuingia katika kazi za TEHAMA huniuliza swali lile lile kwa maneno yanayotofautiana kidogo: nisomee cheti gani ili niajiriwe kusimamia seva za barua pepe? Mmoja ameambiwa achukue cha Microsoft kwa kuwa ofisi nyingi hutumia Outlook. Mwingine ameshauriwa achukue cha Linux kwa kuwa ndiko teknolojia inakoelekea. Wa tatu ameshalipa nusu ya ada katika kituo cha mafunzo, na anachotaka kwangu ni neno la kumtuliza moyo.

Jibu langu huwa halimtulizi yeyote. Nadai kwamba swali lenyewe limesimama kichwa chini miguu juu. Tunauliza ni kampuni ipi itupe cheti kabla ya kuuliza ni kazi gani tunataka kuiweza. Na kwa kuwa kazi yenyewe ni kutunza mawasiliano ya wananchi na ya dola, kosa hili haliishii kwa kijana anayetafuta ajira. Ni kosa la vyuo vinavyofundisha, la ofisi zinazotangaza nafasi za kazi, na la serikali zinazokabidhi barua zao kwa watu wasiowajua. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sisi tumekwenda mbali zaidi: tunawatunuku vyeti wachagua majembe, kisha tunashangaa shamba kujaa magugu.

Barua pepe haina mwenyewe

Tuanze na kazi. Barua pepe ni miongoni mwa vitu vichache vilivyobaki katika intaneti ambavyo havimilikiwi na mtu. Mkazi wa Kigoma mwenye anwani ya kampuni moja humwandikia ndugu yake aliyeko Muscat mwenye anwani ya kampuni nyingine, na barua ikafika, bila kampuni hizo mbili kuwa na mkataba wowote kati yao. Jaribu kutuma ujumbe kutoka WhatsApp kwenda Telegram uone kama utafika.

Uhuru huo haukudondoka kutoka mbinguni. Agosti 1982 Jonathan Postel alichapisha waraka uitwao RFC 821, ulioeleza SMTP, yaani itifaki ya kupeleka barua kutoka seva moja hadi nyingine. Waraka ulirekebishwa mwaka 2001, na tena mwaka 2008 ulipopewa namba 5321, lakini mazungumzo ya msingi kati ya seva mbili yamebaki yale yale. Seva inabisha hodi katika poti namba 25, inajitambulisha, inamtaja mtumaji, inamtaja mpokeaji, inakabidhi barua, kisha inajibiwa kwa namba. Namba inayoanza na 2 maana yake barua imepokelewa. Inayoanza na 4 maana yake subiri ujaribu tena baadaye. Inayoanza na 5 maana yake imekataliwa. Waraka huo hauuzwi. Mwanafunzi yeyote mwenye simu anaweza kuusoma leo hii bila kulipa senti.

Kabla ya hodi hiyo, seva inayotuma huuliza DNS, lile daftari kubwa la majina ya intaneti, ni mashine ipi inayopokea barua za kikoa fulani. Baada ya barua kufika, mpokeaji huisoma kwa IMAP, itifaki iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986 alipokuwa Chuo Kikuu cha Stanford. Na kwa kuwa matapeli wamejaa, kuna kinga tatu zilizoongezwa baadaye. SPF hutangaza katika DNS ni seva zipi zenye ruhusa ya kutuma kwa jina la kikoa chako. DKIM hupiga barua muhuri ambao mpokeaji anaweza kuuhakiki. DMARC humwambia mpokeaji aifanye nini barua iliyoshindwa majaribio hayo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinamtaka kila anayewatumia watumiaji wake barua nyingi, ambazo kwa Google ni kuanzia 5,000 kwa siku, awe na kinga zote tatu. Mamlaka ya maji au bodi ya mikopo isiyokuwa nazo haina haki ya kulalamika pale ankara na taarifa zake zinapozuiwa au kutupwa kwenye barua taka.

Hayo ndiyo maarifa ya kazi. Hakuna hata moja kati ya itifaki hizo iliyo mali ya kampuni inayouza vyeti. Aliyezielewa mwaka 1998 bado anaweza kusimama mbele ya seva ya leo na kuuliza maswali sahihi. Je, aliyenunua cheti mwaka 1998 anaweza kusema hivyo?

Makaburi ya vyeti

Tuvitazame sasa vyeti vyenyewe. Kwa miaka mingi herufi nne, MCSE, zilikuwa ndoto ya vijana wa kompyuta katika Afrika Mashariki yote. Zilipakwa rangi kwenye kuta za vituo vya mafunzo, na familia ziliuza mifugo ili mtoto azipate. Tarehe 31 Januari 2021 Microsoft ilizistaafisha, zikafuatana na ndugu zake MCSA na MCSD. Mahali pake pakaja vyeti vya huduma za wingu, ambavyo mwenye navyo hutakiwa kuvihuisha kila mwaka. Hata hivyo vipya havikai. Mitihani MS-100 na MS-101, iliyompa mtu hadhi ya msimamizi wa Microsoft 365, iliondolewa mwaka 2023 na nafasi yake ikachukuliwa na MS-102. Seva ya Exchange yenyewe, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996, iliwaacha watumiaji wa matoleo ya 2016 na 2019 bila msaada wa kawaida kuanzia tarehe 14 Oktoba 2025. Nia ya kampuni iko wazi: ofisi ziache kumiliki seva, zilipe kodi ya kila mwezi.

Asidhani mtu kwamba upande wa programu huria umesalimika. Red Hat ilipokuwa ikitahini RHCE kwa toleo la 7 la mfumo wake, mtahiniwa alitakiwa kuonyesha angalau jinsi ya kuiunganisha mashine na seva kuu ya barua. Toleo la 8 lilipokuja, mtihani ukageuzwa kuwa wa Ansible, programu ya kuendesha mashine nyingi kwa pamoja. Ni ujuzi mzuri, nami siubezi. Lakini anayelipia RHCE leo akidhani atatoka humo akijua kuendesha posta ya ofisi atakuwa amenunua kitu kingine.

Sisemi kwamba kampuni hizi zina hila ya pekee. Kampuni inayouza bidhaa hufundisha bidhaa yake, na bidhaa inapobadilika mafunzo hubadilika. Ndivyo biashara ilivyo. Lawama yangu ni kwetu sisi, taasisi za umma na za elimu, tulioikabidhi biashara jukumu la kuamua nani ni fundi na nani si fundi. Tumeifanya karatasi yenye tarehe ya kufa kuwa kipimo cha ujuzi ambao hauna sababu ya kufa.

Tangazo la kazi kama hukumu

Nendeni mkasome matangazo ya nafasi za maofisa TEHAMA, ya serikali na ya mashirika binafsi. Mara nyingi mtakuta majina ya bidhaa na majina ya vyeti, hata vile vilivyokwisha kustaafishwa. Ni nadra kukuta tangazo linalosema: awe na uwezo wa kueleza kwa nini barua haikufika. Anayeandika tangazo hajui kazi, kwa hiyo ananakili tangazo la mwaka juzi. Anayechuja maombi naye hajui kazi, kwa hiyo anatafuta herufi zile zile zilizomo katika tangazo. Kijana aliyejifunza kwa mikono yake katika chumba cha kupanga, kwa kompyuta ya mtumba, hung'olewa katika mchujo wa kwanza kabla hajaulizwa chochote. Aliye na ndugu wa kumlipia mitihani ya dola hupita. Huu ni ubaguzi wa kitabaka uliovishwa joho la taaluma.

Napendekeza swali moja la usaili ambalo halihitaji ada wala kituo cha mitihani. Mpeni mtahiniwa mashine, kisha mwambieni: Katibu Mkuu ametuma barua saa nne asubuhi, sasa ni saa nane mchana na haijamfikia aliyeandikiwa. Iko wapi? Anayejua kazi ataomba kuona logi za seva. Atatafuta namba ya barua, atazame kama iko kwenye foleni, asome jibu la seva ya upande wa pili. Kama ni 4, atasema itajaribiwa tena na ataeleza kwa nini imecheleweshwa. Kama ni 5, atasoma sababu: pengine anwani imekosewa herufi, pengine sanduku limejaa, pengine kikoa chetu hakina SPF sahihi, pengine seva yetu imewekwa katika orodha ya waliozuiwa kwa sababu kompyuta moja ya masijala ina kirusi kinachotuma barua taka usiku. Asiyejua kazi ataizima seva na kuiwasha. Nusu saa inatosha kuwatenganisha hawa wawili, na hakuna cheti kitakachotenganisha vizuri kuliko hapo.

Hoja za wapinzani wangu

Wapo wanaonijibu kwamba maneno haya ni ya kimapenzi. Wananiambia dunia imekwenda kwenye wingu, kuendesha seva yako mwenyewe ni hatari na ghali, basi mfundishe kijana kubonyeza vitufe vya Microsoft 365 apate mkate wake. Hoja hii ina uzito, nami sitaki kuipita kando.

Ni kweli kwamba kuendesha seva kuna hatari. Mwezi Machi 2021 Microsoft ilitoa marekebisho ya dharura baada ya kubainika kwamba wadukuzi walikuwa wakiingia katika seva za Exchange zilizowekwa maofisini. Makumi ya maelfu ya seva duniani yaliathirika. Bunge la Norway lilikuwa miongoni mwa waathirika, na Mamlaka ya Benki ya Ulaya pia. Kama taasisi zenye fedha na wataalamu namna hiyo zilivamiwa, nani atathubutu kusema kwamba halmashauri ya wilaya itakuwa salama kwa kuwa tu ina seva yake chumbani?

Lakini tazameni kilichotokea miaka miwili tu baadaye, safari hii ndani ya wingu lenyewe. Mwaka 2023 wadukuzi, ambao serikali ya Marekani na Microsoft wanawahusisha na China, waliutumia ufunguo wa kutia saini wa Microsoft kujitengenezea vibali vya kuingilia katika masanduku ya barua ya wateja. Taasisi 22 na watu zaidi ya 500 waliguswa, akiwamo Waziri wa Biashara wa Marekani. Kutoka Wizara ya Mambo ya Nje peke yake zilichukuliwa barua zipatazo 60,000. Bodi iliyoundwa na serikali ya nchi hiyo kuchunguza tukio hilo ilihitimisha, katika ripoti yake ya mwaka 2024, kwamba uvamizi ule ungeweza kuzuiliwa.

Na sasa swali linalonihusu: nani aliyegundua? Hakuwa mwenye wingu. Walikuwa wachambuzi wa Wizara ya Mambo ya Nje wenyewe, waliokuwa wamejiwekea kengele katika logi zao na kuona katikati ya Juni kwamba barua zinasomwa kwa namna isiyo ya kawaida. Logi zile zilipatikana kwa walionunua leseni ya bei ya juu. Wateja wa leseni za chini hawakuwa nazo, mpaka kampuni iliposhinikizwa kuzifungua kwa wengi zaidi. Funzo ni jepesi kulisema na zito kulibeba. Wingu halikuondoi haja ya fundi. Linakuhamishia fundi kutoka kwenye kutengeneza hadi kwenye kutazama, na asiyejua jinsi barua inavyosafiri hawezi kujua anachokitazama.

Kuhusu gharama, sina ugomvi na ofisi inayopiga hesabu na kuona kwamba kukodi ni nafuu. Ugomvi wangu ni na ofisi isiyoweza kupiga hesabu hiyo kwa kuwa haina mtu hata mmoja anayejua kinachokodiwa. Mwenye fundi ana uchaguzi: anaweza kukodi, anaweza kuhama, anaweza kujenga. Asiye na fundi hachagui, anachaguliwa.

Kilichomo ndani ya mfuko wa posta

Mtumishi wa umma anayesoma haya huenda anajiuliza: hili linanihusu nini mimi niliye masijala au idara ya mipango? Linakuhusu kwa sababu barua unayoiandika kazini si yako. Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inazihesabu kumbukumbu za ofisi ya umma kuwa kitu cha kutunzwa kwa utaratibu, wala haisemi kwamba karatasi tu ndiyo kumbukumbu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inaibebesha wajibu kila taasisi inayokusanya taarifa za watu. Kenya ina sheria yake ya namna hiyo tangu mwaka 2019.

Nakiri kwamba serikali imefanya jambo. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kurithi Wakala uliokuwapo tangu 2012, inaendesha mfumo wa barua pepe serikalini, na anwani za go.tz zimeenea. Hata hivyo tembeeni katika ofisi za wilaya na msome vibao vya milangoni, mihuri na matangazo ya zabuni. Bado mtakuta anwani za Gmail na Yahoo. Ofisa anahamishwa, na mawasiliano ya miaka mitano kuhusu mgogoro wa ardhi yanahama naye. Ofisa anastaafu, na nywila anaisahau shambani. Ofisa anafariki, Mungu amrehemu, na mwananchi aliyekuwa akidai fidia anaambiwa faili halionekani. Katika zama za karatasi, mtu aliyebeba jalada la umma kwenda nalo nyumbani angeitwa mwizi. Leo tunafanya hivyo kila siku na hakuna anayeshtuka.

Kwa nini wanaendelea kutumia Gmail ilhali ofisi ina mfumo wake? Waulizeni, kama nilivyowauliza baadhi yao. Watawaambia kwamba ile ya ofisi iliwahi kugoma na hakuna aliyekuja kuitengeneza. Sanduku lilijaa, hakuna aliyeliongeza. Nywila ilisahauliwa, aliyekuwa akiweka mpya yuko likizo. Si uasi wa watumishi. Ni upungufu wa mafundi katika ngazi ya chini kabisa, mahali ambapo vyeti vya wingu vya makao makuu havifiki.

Na juu ya hilo kuna suala la mamlaka ya nchi. Mei 2025 shirika la habari la AP liliripoti kwamba Mwendesha Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Karim Khan, alipoteza anwani yake ya barua pepe ya Microsoft baada ya Marekani kumwekea vikwazo. Kampuni ilikanusha kwamba ilisitisha huduma zake kwa Mahakama hiyo. Sina haja ya kuamua nani anasema kweli. Kinachonitosha ni kwamba swali hilo liliwezekana kuulizwa, na kwamba ofisi nyingi za Ulaya zililisikia na kuanza kuhesabu mlango wa kutokea uko wapi.

Jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, halikuishia kuhesabu. Oktoba 2025 lilitangaza kwamba limemaliza kuhamisha masanduku ya barua zaidi ya 40,000 kutoka Exchange na Outlook kwenda Open-Xchange na Thunderbird, ambazo ni programu huria. Njia yao haina uhakika wa milele. Mji wa München uliwahi kwenda huko huko kwa ofisi zake na mwaka 2017 baraza lake likaamua kurudi Windows. Lakini wote wawili walikuwa na kitu ambacho sisi tunakikosa: watu wa kutosha wanaojua kazi kiasi cha kwenda na kiasi cha kurudi.

Njia ninayoipendekeza

Nimelaumu vya kutosha. Sasa nijibu swali la wanafunzi. Kwanza, usilipe ada ya mtihani wowote kabla ya kuendesha posta yako mwenyewe kwa miezi sita. Sajili kikoa cha jina lako. Kodi seva ndogo, na kabla ya kulipa uliza kama mwenye nayo anaruhusu poti namba 25, kwa kuwa wengi huifunga ili kuzuia barua taka. Weka Linux. Weka Postfix, iliyoandikwa na Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998 alipokuwa IBM, iwe ya kupeleka na kupokea. Weka Dovecot ya Timo Sirainen, iliyotoka mwaka 2002, iwe ya kusomea. Andika SPF, DKIM na DMARC kwa mkono wako. Kisha jiandikie barua kwenda Gmail na usipumzike mpaka iingie katika kikasha badala ya barua taka. Ukifika hapo, haribu kwa makusudi: jaza diski, futa sanduku, na urejeshe kila kitu kutoka nakala rudufu. Kila hitilafu iandike katika daftari pamoja na dawa yake. Daftari hilo litakufaa katika usaili kuliko karatasi yoyote.

Pili, ukitaka cheti cha kukupitisha katika mchujo, anza na kisichofungwa kwa bidhaa moja. LPIC ya Linux Professional Institute ni mfano mzuri. LPIC-1 ina mitihani miwili, na LPIC-2, inayodai uwe na LPIC-1, ina mingine miwili. Katika mtihani wa mwisho, ule wa 202, mna mada nzima ya huduma za barua, pamoja na DNS na usalama wa mfumo. Mitihani minne si kidogo kwa mfuko wa mwanafunzi, kwa hiyo ifanye mmoja mmoja, na usilipe kabla ya kujipima. Cheti kikishapatikana, uhai wake ni miaka mitano.

Tatu, cheti cha bidhaa kiwe cha mwisho. Ukiajiriwa mahali panapotumia Microsoft 365, soma cha Microsoft 365, tena kwa fedha ya mwajiri. Aliyeishika misingi hahitaji muda mrefu kujua vitufe viko wapi. Aliyeanza na vitufe huanza upya kila vinapohamishwa.

Deni la vyuo na la waajiri

Nimalizie na sisi wenye dhamana. Postfix niliitaja, nitaje na wazee wake. Sendmail iliandikwa na Eric Allman akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Exim iliandikwa mwaka 1995 na Philip Hazel, mfanyakazi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, kwa ajili ya matumizi ya chuo hicho. IMAP, kama nilivyosema, ilizaliwa Stanford. Vyuo hivyo vilizalisha zana za dunia nzima kwa sababu viliendesha barua zao vyenyewe na vilikutana na shida zake. Sisi tumezikabidhi barua za wanafunzi wetu kwa kampuni kubwa kwa kuwa zilitolewa bure, tukaifunga maabara pekee ambayo isingetugharimu kujenga, kisha tunalalamika kwamba wahitimu hawana uzoefu. Kila chuo chenye programu ya TEHAMA kiwe na angalau kikoa kimoja kinachoendeshwa na wanafunzi chini ya mhadhiri, chenye watumiaji halisi watakaopiga kelele kisipofanya kazi.

Waajiri wa umma nao wafute majina ya bidhaa katika matangazo na waandike kazi. Mtihani wa vitendo uwe na uzito kuliko mchujo wa karatasi. Na mkishampata fundi mlipeni kama fundi, kwa sababu benki na kampuni za simu zinamjua bei yake.

Kwa watumishi wanaosoma haya nina ombi dogo lisilohitaji bajeti. Jumatatu mkifika kazini, ulizeni maswali matatu. Barua za idara yetu zimehifadhiwa wapi, na kwa mkataba upi? Zikipotea leo, nani atazirejesha, na ni lini alijaribu kuzirejesha mara ya mwisho? Na je, humu ndani kuna mtu anayeweza kusoma logi za seva na kutwambia barua ya jana iliishia wapi? Mkijibiwa kwa jina la cheti badala ya jina la mtu, rudieni swali mpaka mtajiwe mtu.